Sifa ya Wengi Asipewe Mmoja

Wako wahakiki wasemao kwamba Talking Heads, bendi iliyoanza New York mwaka 1975, ilikuwa ni David Byrne na wasaidizi wake. Husema hivyo kwa kuwa yeye ndiye aliyeimba na ndiye aliyetazamwa. Hoja hii hupendeza kwa wepesi wake, lakini haisimami mbele ya ushahidi.

Byrne, Chris Frantz mpiga ngoma, na Tina Weymouth walisoma katika chuo kimoja cha sanaa huko Rhode Island. Weymouth alijifunza gitaa la besi kwa sababu bendi haikuwa na mpigaji. Jerry Harrison aliingia mwaka 1977 na kinanda na gitaa lake. Ondoa besi ile na ngoma zile, nini kitabaki ila sauti ya mtu mwenye wasiwasi ajisemeaye peke yake?

Ushahidi mkubwa ni santuri yao ya mwaka 1980, Remain in Light. Haikutungwa na mtu mmoja aliyejifungia chumbani na kalamu yake. Katika studio ya Nassau, visiwani Bahama, wanabendi na mtayarishaji wao, Brian Eno, walipiga vipande vifupi vya kurudiarudia, wakavipanga kimoja juu ya kingine. Maneno ya Byrne yalifuata baadaye. Mfano wa kazi hiyo waliupata Afrika Magharibi, hasa kwa Fela Kuti wa Nigeria. Basi ajabu iliyoje! Muziki uliojifunza kwa ngoma za ushirika, ambamo kila mpigaji humwachia mwenziwe nafasi, ulitoka sokoni majina ya Byrne na Eno yakitajwa mbele, na wengine wamefunikwa na jina la bendi. Walilalamika, na haki ilikuwa yao.

Santuri hiyo ilipotaka kupigwa jukwaani, wanne hawakutosha. Wakawa tisa, mmoja wao Bernie Worrell, bingwa wa kinanda. Hata filamu ya Jonathan Demme ya mwaka 1984, Stop Making Sense, yawasuta wahakiki hao. Byrne huingia peke yake na gitaa. Kisha huja Weymouth, kisha Frantz, kisha Harrison, kisha wengineo, na kila aingiapo mtu muziki huongezeka nguvu.

Nitaulizwa: je, Byrne hakuwa na kipaji? Alikuwa nacho, wala sikikani. Lakini kipaji ni mbegu, na mbegu haioti hewani. Bendi ilitangazwa kuvunjika mwaka 1991. Mwaka 1996 wale watatu walitoa santuri bila Byrne. Naye ametoa nyingi bila wao. Kwa sikio langu, kila upande umepungukiwa na mwenziwe.

Mwaka 2018 Angélique Kidjo wa Benin aliirekodi upya Remain in Light yote, na Tony Allen, aliyekuwa mpiga ngoma wa Fela, alishiriki. Deni lilirudi nyumbani, na lilirudi mikononi mwa wengi.

Mwanafunzi wa sanaa aandikapo historia, asihesabu nyuso zilizomulikwa na taa. Ahesabu mikono iliyofanya kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa.