Daftari la Wiki: Boriti Iliyogeuka Kalamu

Jumatatu nilikuta benkini kalamu iliyofungwa uzi mezani kama mbuzi wa kafara, nayo haina wino. Ulinzi wote ule ulikuwa wa nini?

*

Mwendokasi, kituo cha Gerezani, saa kumi na moja jioni. Jina ni jina.

*

Wasomaji wangu wanajua jinsi ninavyosikitikia nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zenye vyumba sita na ukumbi katikati, zinazovunjwa ili maghorofa yapande. Juma hili, katika kifusi cha nyumba moja, niliokota kipande cha boriti ya mkoko, chekundu kwa ndani, kigumu ajabu, cha jamii ya boriti zile ambazo zamani zilikatwa katika delta ya Rufiji, zikabeba mapaa ya pwani yetu, na nyingine zikapakiwa majahazini hata Uarabuni, kwa watu wenye majumba lakini wasio na miti. Nikakichukua hadi Gerezani, kwa fundi ambaye aghalabu hutengeneza shafti, puli na bushi, nikamtaka anitolee kalamu.

"Shikamoo, mzee. Maseremala wako Keko."

Nilimjibu kwamba sitaki kabati, nataka kalamu, na kwamba kazi yenyewe ni kukereza. "Kukera?" akauliza. "Hilo umekwisha kulifanya."

Hapo ndipo ninapopandwa na mori, na nisamehewe na wale waliokwisha kunisikia. Siku hizi kila kitu ni kuchonga: kinyago huchongwa, shafti huchongwa, hata dili huchongwa, ilhali wazee wetu, waliolala juu ya vitanda vyenye matendegu ya kukereza, walijua fika kuwa mchongaji hukizunguka kitu kwa chombo chake, na mkerezaji hukizungusha kitu chenyewe mbele ya chombo kilichotulia. Ni ufundi mbali mbali, na lugha iliyotofautisha haikufanya hivyo kwa anasa.

Walakini fundi, ajapokuwa hana neno, kazi anayo. Alikata kijiti chenye urefu wa kidole, akakitoboa kati kwa kati kwa keekee ya milimita 7, akichomoa keekee kila mara ili vumbi litoke na joto lipungue. Kijiti cha kwanza kilipasuka kwa sababu mimi, mshari, nilimhimiza. Cha pili kilitulia. Akakitia mrija wa shaba, tulioutoa katika kalamu ya zawadi iliyokwisha kufa, akaugandisha kwa gundi, kisha akakipanga katika mhimili baina ya bushi mbili ndogo zilizopimwa sawa na unene wa kalamu. Akatabasamu, maana bushi ndiyo riziki yake. Mashine ikanguruma, patasi ikagusa, na boriti iliyobeba paa la watu ikaanza kumwagika kwa unga mwekundu juu ya viatu vyangu.

Rafiki yangu mmoja asema ningetumia mpingo. Mpingo una mawakili wa kutosha: wapiga klarineti wa dunia nzima wamo upande wake, na ni mti mzito hata ukitiwa majini huzama. Boriti ya nyumba iliyovunjwa ilikuwa na mimi tu.

*

Nimepita mahali lilipoporomoka, tarehe 16 Novemba 2024, lile jengo la Kariakoo. Sikuandika kitu. Siandiki hata sasa.

*

Neno gereza, wasemavyo wajuzi, asili yake ni neno la Wareno la kanisa. Haya.

*

Kalamu nayo tumeipokea kwa Waarabu, na Waarabu kwa Wayunani, ambao kwao maana yake ni tete. Basi mwalimu wa chuoni aliyechonga mwanzi (kuchonga hasa, hapa nakiri) na kuuchovya katika wino wa masizi alikuwa karibu na maana ya neno kuliko Bíró wa Hungaria, aliyepata hataza ya kalamu yake ya kipira mwaka 1938, na kuliko mimi.

*

Kalamu yangu yaandika vizuri, na ikipata joto la mkono hutoa harufu ya chumvi, au ndivyo nipendavyo kuamini. Alhamisi niliingia nayo katika ofisi moja, karani akaiazima atie sahihi, simu ikamwita, akaondoka nayo.

Ijumaa nimekwenda kuichukua. Jumamosi natafuta uzi.