Nyumba Ifuate Mstari wa Chai

Bonasi ya chai ikiingia, na mkulima wa Boito, huku jirani ya Kericho, akaamua kujenga, kitu cha kwanza kufika shambani ni tingatinga. Linaukata mteremko, linasawazisha kiwanja, na udongo mwekundu unasukumwa bondeni. Kisha linainuka jengo la mawe la vyumba vitatu, kwa ramani iliyochorwa kwa ajili ya ploti tambarare ya Kitengela au Ruiru. Mvua kubwa zikija, ukingo uliokatwa huanza kumeguka nyuma ya jikoni, maji hutafuta njia yake ya zamani chini ya sakafu, na mwenye nyumba hulazimika kugharamia ukuta wa kuzuia udongo kabla hajamaliza deni la mabati.

Toleo hili linaupinga ujenzi wa namna hiyo. Tunadai kwamba katika nchi ya miteremko, inayopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na ambako mti hukua haraka, nyumba ifaayo ni ya mbao, iliyoinuliwa juu ya nguzo, na umbo lake litolewe na ardhi ambayo nyumba inasimama juu yake. Pembe mraba si lazima. Penye kupinda na ipinde.

Wanaodhani hili ni wazo la kuletwa watazame chai yenyewe. Penye mteremko mkali, mkulima anayejua kazi yake hupanda kwa kufuata kontua. Mstari huzunguka kifua cha kilima, huingia kibondeni, hutokea upande wa pili, ili maji yapunguze kasi na udongo ubaki shambani. Mchumaji mwenye kikapu mgongoni hupita mlemle bila kupanda wala kushuka. Mkulima huyohuyo, aliyeiheshimu ardhi kwa ajili ya majani, huja kuivunja kwa ajili ya watoto wake. Hilo ndilo linalotuuma.

Chombo cha kuchora nyumba inayofuata mlima kila fundi anacho: mpira mwembamba wa maji, ule unaoonyesha ndani. Watu wawili wanaujaza maji. Mmoja anashikilia ncha yake kwenye kigingi cha kwanza; mwenzake anakwenda na ncha ya pili hatua chache, anapanda kidogo, anarudi chini kidogo, hadi maji yatulie kwenye alama ileile huku na huku. Hapo anapiga kigingi. Wanasogea, wanapima, wanapiga kingine. Wakimaliza na kufunga uzi, ukuta wa nyumba unaonekana chini ya miguu yao, umejipinda vile kilima kilivyojipinda, na hakuna hata jembe moja lililoinuliwa. Uzi ukigonga shina la tebesuet, nyumba ndiyo inayosogea, mti unabaki.

Juu ya uzi huo husimama nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, zilezile tunazoziona zikibeba nyaya za stima kila barabara. Za upande wa juu zinakuwa fupi, za upande wa bondeni ndefu, sakafu inabaki sawa, na maji ya mvua yanapita chini yake bila ugomvi. Mafundi wengi huogopa umbo lililopinda kwa kudhani linataka mbao zilizopinda. La hasha. Mbao fupi zilizonyooka, kila moja ikiinamishwa kidogo zaidi ya jirani yake, hutoa paa lenye mawimbi. Na mbao nyembamba za saiprasi zikipakwa gundi, zikapangwa moja juu ya nyingine na kubanwa kwenye kiunzi hadi gundi ikauke, hutoa boriti iliyopinda daima. Inahitajika subira, na vibano vingi kuliko alivyozoea kununua fundi wetu.

Mwenye shaka na saiprasi aende Kericho mjini, aingie Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililokamilika 2015 kwa mchoro wa John McAslan + Partners wa London. Fremu kumi za zege zinabeba paa refu la vigae, na kati ya fremu hizo dari yote imepangwa fito za saiprasi, safu kwa safu, kutoka mlangoni hadi madhabahuni. Waumini wapatao 1,500 huketi chini ya mti uleule tunaoununua kwa futi ili kushikilia zege lisimwagike, kisha tunaufanya kuni. Paa lile limechukua mwinamo wa vilima vinavyolizunguka. Ndilo jengo ninalolipenda kuliko yote katika nchi hii ya chai, na naona aibu kwamba miaka mingi baadaye bado hatujalitafsiri katika nyumba ya kuishi.

Wala wazee wetu Wakipsigis hawakuhitaji kufundishwa na yeyote kwamba nyumba haiishii mlangoni. Mbele ya nyumba ya jadi, upande wa mapambazuko, palisimikwa mabwaita, madhabahu ya matawi mabichi, na hapo ndipo baraka za ukoo na ndoa zilipofanyika. Mimea iliyochaguliwa kwa makini ilikuwa sehemu ya nyumba sawasawa na ukuta wa fito na udongo. Mchoraji anayetaka kuunganisha nyumba na mazingira ya Boito angeanzia hapo: mlango utazame wapi, ni mti gani uachwe uangaliane nao, jua la asubuhi liguse chumba kipi kwanza katika nchi yenye usiku wa baridi kama hii.

Huko ng'ambo wazo hili lina wazee wake. Frank Lloyd Wright alijenga Fallingwater juu ya maporomoko ya maji, Pennsylvania, miaka ya 1930. Herb Greene alimaliza Prairie House huko Oklahoma mwaka 1961, nyumba iliyovikwa vipande vya mbao kama manyoya ya kuku. Nyumba hizo zinafundisha, lakini hazikujengwa kwa bonasi ya chai, na kipimo chetu sisi ni bonasi.

Tuyakabili basi maswali magumu. Mbao inayouzwa sokoni mara nyingi ni mbichi. Ukiipigilia leo, mwezi ujao imejikunja na msumari umechomoka. Inunuliwe mapema, ipangwe chini ya paa kwa miezi kadhaa, vipande vyembamba vikitenganisha kila safu ili upepo upite. Nguzo isiguse udongo, ikalie kisiki cha zege, na juu yake liwekwe bati la kuzuia mchwa. Jiko la kuni litengwe na nyumba, kwa sababu moto ni moto. Paa nalo liwe na mwinamo mkali na ukingo mpana, maana nyanda hizi za Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa sana na mvua ya mawe. Miaka ya 1960 na 1970 ndege zilipelekwa mawinguni kujaribu kuipunguza, chai ipone.

Na mbao isitoke Mau. Msitu wa Mau Kusini-Magharibi uko jirani yetu, na mito yake ndiyo inayoulisha mto Sondu hadi Ziwa Victoria. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti Februari 2018, bei ilipanda na wafanyabiashara wakakimbilia mbao za Tanzania. Marufuku ikaondolewa Julai 2023, na tamaa ikarudi mara moja. Mwangati na podo viachwe visimame. Saiprasi na mkaratusi wa shambani vinatosha. Mkaratusi mwingi tunaoupanda huishia kwenye tanuru za viwanda vya chai, na sehemu yake ndogo tu ingeweza kubeba nyumba zetu.

Kinachobaki ni dharau. Nyumba ya mbao imehesabiwa kuwa ya muda, ya mtu anayesubiri pesa za mawe. Dharau hiyo ilikuwa na sheria nyuma yake: kanuni za ujenzi za 1968, zilizorithi fikra za Uingereza, ndizo zilizotuongoza hadi kanuni mpya za taifa zilipoanza kutumika Machi 2025. Sheria imebadilika. Sasa ni zamu ya wachoraji majengo, benki na wazee wa boma.

Wewe unayepanga kujenga bonasi ijayo, usiite tingatinga bado. Subiri siku ya mvua, uvae gambuti, utembee shambani uone maji yanapita wapi, kisha mwite fundi mwenye mpira wa maji. Ukishafunga uzi, tupigie picha na ututumie vipimo. Kurasa za toleo lijalo tumeziacha wazi kwa ajili hiyo.