Risala ya Wazazi na Vijana wa Kata ya Talatala, Wilaya ya Kyela, kwa Mgeni Rasmi, Kuhusu Udahili wa Vyuo Vikuu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Umekuja mpunga ukiwa umeshavunwa na njia inapitika. Ungekuja Aprili, mafuriko yangekusimamisha pale ambapo watoto wetu huvua viatu na kukunja sare ili wawahi namba. Hayo tumeyazoea, hatukuyaleta leo.

Malalamiko yetu ni ya mlango wa chuo kikuu. Kijana wa shule ya kata husoma kemia kwa kukariri: mwalimu anachora bureti ubaoni, anaeleza rangi inavyobadilika, mtoto anaandika daftarini rangi ambayo hajaiona. Siku ya mtihani wa kidato cha nne ndipo anapoishika bureti kwa mara ya kwanza, mkono ukitetemeka. Anapata D, anapangiwa mchepuo wa HGL usio wa sayansi, na udaktari unaishia hapo. Hata akibahatika kusoma mchepuo wa sayansi wa PCB, kwenye udahili anashindanishwa na mwenzake aliyekulia maabara, na wote wawili wanapimwa kwa pointi tu.

Tunaambiwa mtihani ni mmoja, basi haki imetendeka. Hatukubali, na Serikali yenyewe haiamini hivyo. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, inapogawa fedha humwangalia yatima, mwenye ulemavu na anayetoka kaya maskini inayosaidiwa na TASAF. Lakini mkopo hupewa aliyekwisha kudahiliwa. Umaskini unaoonwa na Bodi, mbona mlangoni hauonekani?

Wapo wanaotutajia hukumu ya Juni 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataza Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina kuzingatia rangi ya mwombaji. Hiyo ni Katiba yao. Yetu, katika Ibara ya 13(5), inaeleza maana ya kubagua na papo hapo inairuhusu Serikali kuchukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Tatizo letu ni jingine: Ibara ya 11 inaitaka Serikali ijitahidi watu wote wapate fursa sawa za elimu katika ngazi zote, kisha Ibara ya 7(2) inaizuia mahakama kuisimamia ahadi hiyo. Mzazi wa Talatala hana pa kushtaki. Ndiyo maana tumekuja kwako.

Wala kuzingatia hali ya mwombaji mlangoni si jambo jipya. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 kutaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya chuo kikuu, wasichana walilegezewa sharti hilo. Miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kuwapa wasichana wa sayansi waliopungukiwa pointi mafunzo maalumu kabla ya kuingia.

Uchungu wa upande wa pili tunaujua pia. Wamisionari walifika Unyakyusa mwaka 1891, shule zikatangulia huku. Nafasi za sekondari zilipogawanywa kwa mgawo wa mikoa, sehemu zilizotangulia ziliona watoto wenye alama nzuri wakiachwa. Kwa hiyo hatuombi mgawo wa kabila wala wa mkoa. Mtoto wa mkubwa mwenye asili ya Kyela aliyesomeshwa shule ya kulipia Dar es Salaam hahitaji huruma ya mtu.

Tunadai Tume ya Vyuo Vikuu iweke kanuni ya wazi: mwombaji aliyesoma shule ya Serikali isiyo na maabara apimwe kwa kuzingatia shule hiyo, bila kushuka chini ya kiwango cha kuingilia. Orodha ya shule hizo itangazwe, na shule ikishapata maabara iondolewe. Vyuo virudishe mafunzo ya awali, safari hii kwa wavulana na wasichana, na mkopo uyahusu, kwani bila nauli na chakula hakuna wa kwetu atakayeyahudhuria. Na wewe, Mheshimiwa, ulifikishe Bungeni suala la Ibara ya 7(2).

Tunaomba majibu kwa maandishi, kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kata, kabla dirisha lijalo la udahili halijafunguliwa.