"Ni mmea tu"

Jamani, kuna hoja moja imenichosha. Gusia mafuta ya bangi popote, hakosi mtu wa kukwambia: "Ule ni mmea tu, hauna madhara." Juzi nimeisikia tena kutoka kwa rafiki yangu, msomi kabisa, ambaye mama yake anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Anataka kumtafutia mama kichupa cha kutuliza magoti.

Sizungumzii sheria. Wanaodai bangi ihalalishwe waendelee na mjadala wao, mimi nazungumzia ini.

Dawa nyingi tunazomeza huvunjwa na vimeng'enya vya ini viitwavyo P450. Kanabidioli, ile CBD inayosifiwa kwamba hailevyi, hubana baadhi yake, hasa kile cha 2C19. Kikibanwa, dawa inayokitegemea haitoki mwilini kwa wakati. Unameza kidonge kilekile, lakini kwenye damu dawa inarundikana kama taka za mtaa ambao gari halijapita.

Mwaka 2015 watafiti wa Boston walitoa taarifa ya watoto 13 wenye kifafa waliokuwa wakitumia klobazamu, wakaongezewa CBD. Baada ya wiki nne, zao la klobazamu ambalo nalo lina nguvu ya dawa lilikuwa limepanda damuni kwa wastani wa asilimia 500! Kumi kati yao walipata madhara, usingizi ukiwamo, hadi klobazamu ilipopunguzwa. Na kifafa kilipungua kweli, sikatai. Ndiyo maana Marekani iliidhinisha Epidiolex mwaka 2018, ikiwa na maonyo haya haya.

Warfarini je? Mwaka 2017 iliripotiwa habari ya mgonjwa aliyeichanganya na Epidiolex. Damu yake ikazidi kuchelewa kuganda, ikabidi warfarini ipunguzwe kwa karibu asilimia 30. Huyo alikuwa akipimwa. Mama wa rafiki yangu atapimwa na nani?

(Halafu hata balungi hubana kimeng'enya cha P450. Nalo ni tunda tu, sivyo?)

Nilimwambia ampeleke mama kwa daktari, na kichupa mkononi. Akacheka: "Daktari atatufokea, pengine atuitie polisi." Hapo ndipo nakasirika na upande wa pili pia. Mgonjwa akishaogopa kusema anachomeza, daktari ataona damu imebadilika na hatajua kwa nini.

Kichupa hajanunua bado. Nimemwomba asubiri hadi niongee na mama mwenyewe.