Tunampigia Makofi Asiyeelewa

Mtoto wa Darasa la Tatu alisimama mbele yangu akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Habari ilikuwa ya mkulima aliyedamka alfajiri, akafika shambani, kisha akageuza njia na kurudi nyumbani mbio. Mtoto alipumua kwenye nukta, akapandisha sauti kwenye alama ya kuuliza. Nikawaambia wenzake wampigie makofi matatu, wakampigia. Halafu nikamuuliza: "Kwa nini mkulima alirudi nyumbani?" Alinitazama, akainamisha kichwa, akaanza kusoma upya kutoka mstari wa kwanza, safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Alidhani nimeuliza kwa sababu hakusoma vizuri.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu kazini, na kosa halikuwa lake. Mimi ndiye niliyekuwa nimemfundisha, kwa makofi yale na ya siku nyingine zote, kwamba kusoma ni kutoa sauti zilizoandikwa. Na mimi nilifundishwa hivyo hivyo. Katika shule zetu, majumbani mwetu na hata kwenye ofisi zinazopanga mambo ya elimu, tumeamini kwamba mtoto akishajua kutamka maandishi amejua kusoma, na kuelewa kutakuja kwenyewe kadiri anavyokua. Imani hii ni ya uongo, na inawagharimu watoto wetu maisha yao.

Sisi wenye Kiswahili tuko kwenye hatari kubwa kuliko wengi, kwa sababu lugha yetu huandikwa kama inavyotamkwa. Mtoto wa Uingereza anahangaika miaka mingi na tahajia isiyofuata sauti. Wetu akishazimudu silabi zake, ba be bi bo bu mpaka cha na ng'o, anaweza kukutamkia neno lolote lililomo kwenye kamusi. Mpe "ukiritimba", atalitamka. Mpe "mfumko wa bei", atautamka. Hiyo ni neema, na ndiyo inayotufumba macho, maana mtoto wa Kiswahili anaweza kusikika kama msomaji kamili huku kichwani hamna kitu kilichoingia.

Nitakuonyesha kwa sentensi niliyoitunga mwenyewe. Mzee Tondo alipezua vikwefu vyake kwenye londora kwa sababu mifunyo ilikuwa imeshakolema. Sasa jibu maswali. Nani alipezua vikwefu? Mzee Tondo. Alivipezua wapi? Kwenye londora. Kwa nini? Kwa sababu mifunyo ilikuwa imeshakolema. Umepata tatu kwa tatu, na hujui hata chembe ya ulichosoma, kwa kuwa hakuna cha kujua: maneno yale hayapo. Sarufi yetu ilikubeba. Ngeli zilikuonyesha kipi ni kipi, "kwenye" ikakuonyesha mahali, "kwa sababu" ikakupa jibu la swali gumu kuliko yote. Fungua kitabu chochote cha kiada ukurasa wa ufahamu, usome maswali yaliyo chini ya habari, na uhesabu mangapi yanajibika kwa njia hii hii. Nilipohesabu ya kitabu nilichokuwa natumia, nilikifunga na sikulala vizuri.

Tatizo si la Afrika Mashariki peke yake. Huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Dolores Durkin aliketi ndani ya madarasa ya watoto wa umri wa miaka tisa na kumi akiwa na saa mkononi. Katika dakika 4,469 za vipindi vya kusoma alizozishuhudia, zilizotumika kufundisha namna ya kuelewa zilikuwa dakika 20. Muda mwingine walimu waligawa kazi, walisahihisha, waliuliza maswali. Aligundua kwamba walimu walipima ufahamu wakidhani wanaufundisha. Nikikumbuka somo letu la ufahamu, soma habari ifuatayo kisha jibu maswali, naona ni mtihani tangu mwanzo hadi mwisho. Fundi akimkabidhi mwanagenzi mbao na kumwambia "tengeneza kiti", kisha akatoa alama kwa kiti kilichopinda, hatutasema amefundisha useremala.

Linaloniuma zaidi ni kwamba sisi wa Pwani tulikuwa na mfano bora mlangoni petu. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa chuo cha Kurani, nikaanza na alifu na be, nikaunganisha herufi, nikafika juzuu ya Amma. Watoto wa miaka tisa au kumi wanahitimu Msahafu mzima, nyumbani unapikwa ubwabwa, majirani wanakuja kupongeza, na hakuna mzazi hata mmoja anayedai kwamba mtoto huyo sasa anajua maana ya Kiarabu alichokisoma. Kila mtu anajua kwamba kisomo kile ni ibada yenye hadhi yake, kwamba tajwidi ina mwalimu wake na kanuni zake, na kwamba tafsiri ni elimu nyingine yenye sheikh wake, ambayo watu huiendea baada ya alasiri wakati wa Ramadhani na kuikalia miaka. Wazee wetu walitenganisha stadi, wakaipa kila moja mwalimu na muda. Shule zetu za leo zimezichanganya na kuziita kwa jina moja.

Maana kusoma si kitu kimoja, na hapa ndipo imani hii inapofanya uharibifu wake mkubwa. Chukua paketi ya dawa mseto ya malaria. Mama ana mtoto wa kilo 13 anayechemka homa. Hana haja ya kuanzia neno la kwanza. Macho yake yanatakiwa kupekua mpaka yakute safu ya uzito, kilo 5 hadi 14, na kupuuza mengine yote. Akishaikuta, lazima abadilike hapo hapo: sasa asome neno kwa neno, asiruke hata herufi, kwa sababu dozi ya pili inatolewa baada ya saa 8, kisha zinazofuata asubuhi na jioni mpaka zitimie sita kwa siku tatu, hata kama mtoto ameshaanza kucheza. Ni karatasi moja na dakika moja, lakini ni kusoma kwa aina mbili zinazopingana, ya kwanza inaamuru kuruka na ya pili inaharamisha kuruka. Ni nani aliyemfundisha mama huyu kubadilisha? Darasani aliambiwa siku zote asiruke, afuate kwa kidole, aanzie juu.

Kuna kusoma kwa kupitia, kama unavyolipitia gazeti ukitafuta habari ya kukalia. Kuna kusoma kwa kujifurahisha, ambako haraka na polepole ni hiari yako. Kuna kusoma kwa mashaka, ambako tunakuhitaji mno siku hizi ujumbe unapoingia kwenye simu ukiamuru uwatumie watu kumi. Na kuna kusoma kisichoandikwa. Kwa hili la mwisho tungeweza kujifunza kwa mama zetu na kanga. Mwanamke anapita uani amejifunga kanga mpya, jirani anasoma lile jina lililoandikwa juu yake, la maneno matano au sita, na papo hapo anajua ni yeye anayeambiwa, kwa kosa gani, na ajibu kwa kanga ipi. Anaunganisha maandishi na aliyeyavaa, siku aliyoyavaa na mahali alipopitia. Huo ni usomaji wa hali ya juu, na sikumbuki kuukuta kwenye andalio la somo hata mara moja.

Wapo watakaonijibu: lakini Kiswahili ni lugha yetu, mtoto atasomaje asielewe? Kwanza, kwa watoto wengi wa bara Kiswahili si lugha ya nyumbani. Wanakutana nacho shuleni. Pili, hata kwa aliyezaliwa nacho, Kiswahili cha kitabuni si kile cha mtaani. Mtoto anacheza mpira mwaka mzima bila kutamka "ilhali", "licha ya", "isipokuwa" wala "endapo". Maneno haya madogo ndiyo bawaba za fikra. Mlango mzima unageukia hapo. Hakuna anayeyafundisha kwa sababu yanatamkika kwa urahisi.

Jirani yangu mmoja, mama aliyemaliza kidato cha nne, alikuja kwangu jioni moja na mkataba wa mkopo, ule ambao watu wanauita kausha damu. Wakopeshaji walikuwa wameshachukua televisheni na cherehani. Alinisomea mkataba wote kwa sauti, vizuri kabisa, bila kujikwaa. Aya ya tano ilianza na "endapo". Ilisema kwamba endapo atachelewesha rejesho moja, deni lote litadaiwa kwa mkupuo pamoja na riba ya miezi iliyosalia, na mali iliyoorodheshwa itachukuliwa bila taarifa nyingine. Aliisoma aya hiyo, akapita, akaendelea na ya sita. Nikamwomba arudi. "Mwalimu," aliniambia, "mimi nilisoma kila neno kabla ya kuweka sahihi." Ni kweli alisoma kila neno, kama tulivyomfundisha.

Mwaka 1986, Philip Gough na William Tunmer waliandika hoja fupi ambayo kila chuo cha ualimu kingepaswa kuibandika ukutani. Walisema kusoma ni zao la vitu viwili, kutambua maneno na kuelewa lugha, na kwamba viwili hivyo havijumlishwi, vinazidishwa. Mpe mtoto alama zote za kutambua maneno na sifuri ya kuelewa. Jibu lake ni sifuri. Sisi tumetumia nguvu nyingi, na kwa haki kabisa, kwenye upande wa kwanza. Mtaala wa Tanzania wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza mwaka 2015 uliweka KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, mbele ya kila kitu, na watoto wengi wamenufaika. Silabi hazina mbadala, na asiyezimudu hana pa kuanzia. Ninachokataa ni kuamini kwamba kazi imekwisha Darasa la Pili, kwamba kuanzia hapo kusoma ni chombo kilichokamilika ambacho mwalimu wa sayansi na wa uraia watakitumia tu.

Kuelewa kunafundishika. Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown walichukua wanafunzi wa darasa la saba huko Marekani, watoto waliotamka vizuri bila kuelewa, yaani pacha wa mtoto wangu yule, wakawafundisha mambo manne wanayofanya wasomaji wazuri: kubashiri kinachofuata, kujiuliza maswali, kusafisha palipo na ukungu, na kufupisha. Watoto walipokezana kiti cha mwalimu. Ufahamu wao ulipanda waziwazi. Haihitaji kompyuta wala jengo jipya. Inahitaji watoto wanne na kitabu kimoja, na uwiano huo tunao tayari, hata kama tuliupata kwa uhaba.

Najua hoja ya wingi wa watoto, nimefundisha darasa la zaidi ya mia moja. Ndiyo maana nasema kwanza tuache kusoma kwa pamoja kwa kuimba, ambako watoto thelathini wanasoma na sabini wanadandia sauti, na anayepita nje anasifu kwamba darasa lile linafanya kazi. Wathibiti ubora wa shule wakikuta ukimya darasani wasiudhanie kuwa uvivu. Kusoma kimya ndiko kusoma kwa maisha yote ya mtu mzima. Mwalimu asome habari mbele ya watoto na asimame katikati aseme, "Hapa sijaelewa, narudi nyuma." Watoto wetu hawajawahi kumwona mtu mzima akishindwa kuelewa maandishi na kuyarudia bila aibu, kwa hiyo wao wanapokwama huona ni ujinga wao, wanasonga mbele. Habari ile ile isomwe mara tatu kwa malengo matatu: kwa nusu dakika, inahusu nini, kwa dakika moja, tafuta bei ya mbegu, kisha polepole, je, mwandishi anamwamini huyu mkulima? Na wale ambao bado wanapigana na silabi wasomewe hadithi kwa sauti kila siku na waulizwe kwa nini, kama bibi zetu walivyofanya baada ya paukwa na pakawa, maana sikio huelewa kabla ya jicho.

Mtihani nao ubadilike, kwa sababu mwalimu hufundisha kinachoulizwa. Maswali mengi ya mtihani wa kumaliza Darasa la Saba ni ya kuchagua herufi, na hakuna herufi inayoweza kupima kama mtoto amejiuliza swali lake mwenyewe.

Miaka michache baada ya makofi yale ya kwanza, niliandika sentensi ya Mzee Tondo ubaoni, Darasa la Nne, nikauliza maswali yale matatu. Mikono ilijaa hewani. Nani? Mzee Tondo! Wapi? Kwenye londora! Kwa nini? Mifunyo ilikuwa imeshakolema! Walijibu kwa furaha, wote wamepata, wengine wanasubiri swali la nne. Kule nyuma, karibu na dirisha, msichana mmoja alikuwa bado ameinua mkono. Nikamruhusu.

"Mwalimu," alisema, "londora ni nini?"

Wenzake walimcheka. Niliwangoja wanyamaze, nikamwambia asimame, nikawaambia wampigie makofi matatu.