Filamu ya Kutazama na Mchumba Kabla ya Kwenda Ukweni

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada mhariri, wikiendi hii mimi na mwenzangu tutazame nini?" Na najua jibu mnalolitaka. Mnataka niwatajie ile ya mapenzi, mvua inanyesha, wanakimbizana uwanja wa ndege, mwisho wanakumbatiana. Zipo, na wala sizibezi. Ila leo nataka kuwatambulisha kwa mwongozaji mmoja wa filamu ambaye kazi yake imenikaa kichwani, na amekuja kuipigia hapahapa kwetu, Mugumu, wilayani Serengeti, mkoani Mara.

Tuelewane kwanza. Watu wakisema "mwongozaji huru" wanamaanisha yule ambaye studio kubwa haijampa pesa, kwa hiyo haiwezi kumpangia mwisho wa hadithi uweje. Wamarekani wakizungumzia mambo haya hawachelewi kumtaja John Cassavetes. Yule bwana alikuwa mwigizaji. Alicholipwa kwenye filamu za wengine alikimwaga kwenye za kwake. Shadows ilitoka 1959. Faces, iliyotoka 1968, aliipigia nyumbani kwake, na mkewe, Gena Rowlands, akiwa miongoni mwa waigizaji. Kufikia A Woman Under the Influence, mwaka 1974, nyumba ilikuwa imewekwa rehani. Wenye ndoa, hebu yapigieni picha hayo mazungumzo ya chumbani: "Mume wangu, yaani nyumba?" (Ingawa hapa mjini nawajua wanaume walioweka nyumba rehani kwa mambo ya kipuuzi zaidi.) Alichokuwa akikitafuta ni sura ya mtu aliyebanwa. Mke na mume sebuleni, kamera iko karibu, na wewe mtazamaji unakaa kana kwamba umeingia kwa watu bila kubisha hodi.

Nimemtaja huyo ili mwelewe kwa nini nimevutiwa na mwanamama huyu. Anaitwa Giselle Portenier, na ni Mkanada, jirani wa Wamarekani. Hakutokea kwenye sinema kabisa. Alitokea kwenye uandishi wa habari za uchunguzi, akiitengenezea BBC vipindi virefu. Mwaka 1999 ilikuwa Murder in Purdah, kuhusu wanawake wa Pakistan wanaouawa na ndugu zao kwa kisingizio cha heshima ya familia. Mwaka 2003 akaenda kwenye silaha za nyuklia za Israeli, na mwaka 2006 ikaja Killer's Paradise, kuhusu mauaji ya wanawake huko Guatemala. Ukiiweka kando ile ya nyuklia, unaona ni mtu anayerudi kwenye mlango uleule: mwanamke anaumizwa, kila mtu anajua, sheria ipo, na hakuna anayeichukua kuitumia.

Vipindi vile vya BBC vilikuwa na mtindo wake. Unamkuta mtangazaji, kama Olenka Frenkiel, anakushika mkono, anakuuliza maswali unayotaka kuyauliza wewe. Ni kazi nzuri, lakini macho yako yanabaki kwa mtangazaji. Kwenye filamu yake ya mwaka 2018, In the Name of Your Daughter, yaani "kwa jina la binti yako", mambo yamegeuka. Wanaobeba hadithi ni wasichana wenyewe, wengine wana umri wa miaka 8 tu, waliotoroka kwao ili wasikeketwe.

Kwa wasiokujua kule, nieleze kidogo. Tarime inapakana na Kenya, Serengeti iko upande wa pili ikielekea mbugani, na watalii wengi hupita bila kujua kwamba kuna chochote zaidi ya nyumbu. Kwa koo nyingi za Wakurya, msimu wa saro ni Desemba, shule zikiwa zimefungwa, hasa ule mwaka ambao magazeti yetu hupenda kuuita "unaogawanyika kwa mbili". Wazee wa mila wakishatoa ruhusa, ngoma zinaanza. Msichana asiyekeketwa huitwa msagane, na jina hilo si la sifa. Linamfuata kisimani, linamfuata hadi kwenye ndoa. Na hapa ndipo penye roho ya jambo: aliyekeketwa huhesabiwa kuwa tayari kuolewa, na mahari yake huwa ng'ombe wengi zaidi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema hili ni suala la mila tu, muulize ng'ombe wamekwenda zizi la nani.

Sheria ipo tangu 1998. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa, na mzazi au mlezi aliyeruhusu naye yumo. Adhabu iliyoandikwa ni kifungo cha kuanzia miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Laki tatu, jamani! Hiyo haimnunui hata ng'ombe mmoja wa maana katika hao tunaowazungumzia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 8 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Kwa mkoa wa Mara peke yake ni asilimia 28. Ule wa 2015-16 ulikuwa umeikuta Mara kwenye asilimia 32. Inashuka, ndiyo, ila kwa mwendo wa kobe.

Sasa tuingie kwenye filamu. Mtu mzima anayeishikilia ni mama Rhobi Samwelly, aliyeiongoza nyumba salama ya Mugumu iliyofunguliwa mwaka 2014, na baadaye akaanzisha shirika la Hope for Girls and Women. Yeye mwenyewe alikeketwa akiwa na miaka 13, akavuja damu hadi akakaribia kufa. Amelisimulia hilo hadharani mara nyingi, na ndiyo maana akimsikiliza mtoto aliyefika usiku na kandambili mguu mmoja, hajifanyi kushangaa. Pembeni yake yupo askari mwanamke wa dawati la jinsia na watoto. Mkizoea kuwaona polisi wetu kwenye filamu wakija dakika ya mwisho watu wameshamalizana, huyu atawafurahisha.

Lakini si ukimbizi wala gari la polisi lililonifanya niandike safu hii. Ni kule mwishoni, msimu umekwisha, wazazi wanapokutana na mabinti zao kwa mara ya kwanza tangu watoroke. Hapo ndipo nilipomwona Portenier ni mwongozaji hasa. Angekuwa na haraka ya habari ya saa mbili usiku, angetuwekea wazazi wale kama majitu: huyu mkatili, yule mkatili, kwaheri. Yeye ametulia nao, na hakukata haraka. Unamwona mzazi anayempenda binti yake kwelikweli na ambaye anaogopa kucheka kwa majirani kuliko anavyoogopa damu. Unamwona mtoto anayetaka kurudi nyumbani kuliko kitu chochote na bado anauliza kwanza, nikirudi nitakuwa salama? Wote wawili wanalia, na bado hawajakubaliana. Hilo Cassavetes angelielewa bila tafsiri.

Nina manung'uniko yangu pia, kwa sababu hii si safu ya kusifia tu. Wasichana wanaonekana sura zao. Najua hoja ya upande wa pili, kwamba ukimfunika uso mtoto aliyekimbia hatari unamfanya aonekane kama yeye ndiye mhalifu, na ni hoja yenye uzito. Bado nabaki najiuliza: mtoto wa miaka 12 anaweza kukubali kupigwa picha leo, je, anaweza kumkubalia pia yule mwanamke wa miaka 30 atakayekuwa, atakayeingia ofisini na kukuta wenzake wameshaitazama? Halafu ningetamani tukae zaidi na vijana wa kiume. Hao watakaooa. Wazee na mangariba tunawalaumu kila Desemba, wakati bei yote ya soko hilo inapangwa na kijana anayesema "mimi msagane simtaki" au anayesema "mimi huyo ndiye nimtakaye". Kijana huyo siku hizi anasoma chuo na ana simu nzuri.

Na lipo jambo la mgeni na kamera. Tumeshawahi kuwa na Mmarekani huru aliyelifanya kwa namna nyingine. Ron Mulvihill alipokuja kutengeneza Arusi ya Mariamu, iliyotoka 1985, aliiongoza pamoja na Mtanzania, Nangayoma Ng'oge. Wapenzi wa safu hii mngeipenda: ni mke na mume, mke anaumwa, mume anataka wajaribu mganga wa jadi, mke ana hofu na waganga tangu utotoni. Baadaye, kwenye Maangamizi ya 2001, akaongoza na Martin Mhando, huku Amandina Lihamba akiigiza mwanamke aliyekaa miaka bila kutamka neno hospitalini. Hiyo ndiyo filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kugombea Oscar. Wawili kwenye kiti kimoja! Naamini pale Mugumu pia jicho la pili, la mtu aliyekulia Tarime au Mugumu na kukisikia Kikurya bila mkalimani, lingeona vitu ambavyo Portenier alipita karibu yavyo. Tangu Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ifike tamasha la Toronto mwaka 2021, hatuwezi tena kusema hatuna waongozaji.

Pamoja na hayo, itazameni. Itazameni wawili, na simu mziweke mbali.

Kuna shosti wangu mmoja, mtu wa Moshi, mchumba wake ni wa Tarime, wote wana kazi zao Mwanza. Nilimwambia aitazame na mwenzake kabla vikao vya harusi havijaanza. Nusu saa ya kwanza mchumba alikuwa amenuna: wazungu wanatuchafulia kabila, sisi kwetu mambo hayo yalishaisha, wewe hukujui kwetu. Shosti hakubishana. Alisubiri ile sehemu ya wazazi, kisha akamuuliza jambo moja tu: "Na mtoto wa dada yako, Desemba anakwenda wapi?"

Maana hilo, wasomaji wangu, ndilo letu sisi tunaojiita wa mjini. Hatukeketi mtu. Tunachofanya ni kumpandisha mtoto basi akasalimie bibi, likizo ndefu, apate maziwa ya ng'ombe, na sisi tupumue kidogo. Bibi anampenda. Lakini bibi hakai peke yake. Kuna baba wakubwa, kuna ukoo, kuna majirani wanaohesabu umri wa kila binti kwa vidole. Kabla ya kukata tiketi, ulizeni. Na kama mtoto yeyote, wako au wa jirani, yuko hatarini, kuna dawati la jinsia na watoto polisi, na kuna namba 116 ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure.

Mchumba alikaa kimya siku mbili. Ya tatu akapiga simu nyumbani, mbele ya shosti, akaweka spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona usiku?"

Akazunguka, mvua zikoje, ng'ombe wazima, halafu akauliza. Upande wa pili pakawa kimya mpaka akadhani mtandao umekata. Mama akasema hayo si ya kuongea kwenye simu, na kwamba yeye si msemaji, msemaji ni baba yako mkubwa. Baba mkubwa alipopigiwa akafoka: umeoa bado hujaoa, umeshaanza kutawaliwa? Shosti alinipigia siku hiyo akilia, akidhani harusi imekufa.

Haikufa, ila vikao vilisogezwa mbele miezi minne, na baba mkubwa mpaka leo hajapokea kadi ya mchango. Kuhusu yule mtoto, wiki ya pili ya Desemba alifika Mwanza na begi la shule, kwa maelezo kwamba mjomba anahitaji mtu wa kumsaidia kazi za nyumbani. Aliyempeleka stendi ya Tarime alfajiri, na kumlipia nauli, ni bibi yake.