STESHENI YA LUBUNGA NI YA NANI?

Ndugu wafanya kazi wa madini, na ninyi wenyeji wa mji,

Kisangani ni mji wa ng'ambo mbili. Komini tano, yaani Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani, ziko ng'ambo ya kulia ya mto. Ya sita, Lubunga, iko peke yake ng'ambo ya kushoto, wala hakuna daraja la kuziunganisha. Ofisi kubwa na soko kuu viko kulia; stesheni ya gari la moshi iko kushoto. Kila alfajiri watu wa Lubunga hushuka ufukoni kutafuta mtumbwi wa kuvukia kwenda kazini. Nyuma yao hufika wengine kutoka vijiji vya njia ya Ubundu, wakisukuma baiskeli zilizolemewa na makala, mihogo na ndizi. Watu hao wamepita karibu na reli. Tunauliza: ikiwa reli ipo, kwa nini mtu asukume baiskeli mpaka magoti yatetemeke?

Kabla ya kujibu, yafaa tukumbushane reli hii ilitoka wapi.

Juu ya mji wetu mto Kongo una maporomoko saba ya Boyoma, ambayo yameshika mwendo wa kilomita 100 hivi, na meli haiwezi kupita. Wagenya wamevua samaki katika maji hayo tangu zama za babu zao. Lakini wakubwa waliotoka Ulaya hawakutaka samaki, walitaka kupitisha mizigo. Mwaka 1902 dola ya mfalme Leopold II ilipatana na tajiri Édouard Empain wa Ubelgiji, ikaundwa kampuni ya reli iliyojulikana kwa herufi CFL. Kampuni hiyo ilipewa haki juu ya ardhi ya hekta milioni 4 pamoja na madini yake. Kazi ilianza mwaka 1903, na mwaka 1906 gari la moshi lilifika Ponthierville, yaani Ubundu ya leo, kilomita 125 kutoka hapa. Hapa palikuwa Stanleyville wakati ule. Miti ilikatwa na tuta likajazwa kwa mikono ya watu weusi, na wengi wao hawakuja kwa hiari yao.

Huko Ubundu mzigo ulipakiwa melini hadi Kindu, na kutoka Kindu ukashika reli nyingine kuelekea kusini. Baadaye kundi lile lile la Empain likawa na machimbo ya bati ya Maniema pia. Ninyi mnaochimba mnaelewa haraka kuliko wengine maana ya jambo hilo: reli na mgodi vilikuwa mikono miwili ya mwili mmoja. Mkono mmoja ulichimba, mwingine ukabeba. Abiria mweusi alipandishwa palipobaki nafasi.

Tarehe 30 Juni 1960 nchi ilipata uhuru, na mwaka 1974 reli hii ikawekwa pamoja na nyingine katika shirika la taifa, ambalo leo linaitwa SNCC. Bendera ilibadilika, jina la mji likabadilika, jina la kampuni nalo likabadilika. Je, mawazo yalibadilika? Miaka mingi sasa gari la Ubundu haliendi kwa ratiba ambayo mtu aweza kuitegemea. Mama mwenye mzigo wa kwanga hawezi kupanga safari yake kwa uvumi. Akingoja siku mbili, chakula kimeharibika na faida imekwisha.

Na liko jambo ambalo mji huu hauna haki ya kulisahau. Mwaka 1997, wakati wa vita, maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walikuwa msituni kando ya reli hii, huko Kasese kwenye kilomita 25 na Biaro kwenye kilomita 41. Tarehe 4 Mei mwaka ule walipakiwa kwenye mabehewa kutoka Biaro kuja upande wa mji, wakasongamana kupita kiasi. Mabehewa yalipofunguliwa, watu zaidi ya 90 walikuwa wamekufa kwa kukosa hewa na kukanyagana. Hayo ndiyo matunda ya kumpakia binadamu kama gunia. Kwa hiyo tunaposema gari la watu, maana yetu ni gari lenye viti, hewa na hesabu ya wanaopanda.

Basi neno letu ni hili. Stesheni ya Lubunga iwe stesheni ya watu wa kila siku. Hatudai leo reli mpya hadi Kindu. Tunadai jambo dogo linalowezekana: gari moja liondoke Biaro alfajiri, lipite Kasese, lifike Lubunga asubuhi, jioni lirudi. Ni kilomita 41. Hata likienda pole pole, kilomita 20 kwa saa, safari ni ya saa mbili na kidogo. Kivuko kipangwe kingoje gari, ili mfanya kazi na mchuuzi wafike ng'ambo ya kulia wakati soko linafunguliwa, si wakati linafungwa.

Wako watakaosema kwamba reli ya zamani haifai kwa kazi hiyo. Na watazame Dar es Salaam. Reli ya kati ya huko ilianza kujengwa na Wadachi mwaka 1905, wakati hii yetu bado inajengwa, na upana wake ni mita moja kama wa yetu. Kwa miaka mingi iliyofuata hakuna aliyefikiri kuitumia kwa ajili ya vibarua na wanafunzi wa pembezoni mwa mji. Lakini mwezi wa Oktoba 2012 serikali ya Tanzania ilianzisha juu ya reli hiyo gari la abiria la asubuhi na jioni kati ya Ubungo na katikati ya mji. Reli haizeeki kwa miaka; huzeeka kwa kutotunzwa.

Wengine watasema kwamba nauli ya maskini haileti faida. Tunawajibu: mwaka 1902 hekta milioni 4 zilitolewa ili mizigo ya matajiri ipite, na hakuna aliyesema ni ghali. Leo mwananchi akiomba mabehewa machache apeleke mihogo sokoni, ndipo kalamu ya hesabu inatolewa? Na hesabu yenyewe iwe kamili. Chakula kikishuka bei mjini, hiyo ni faida. Mchimbaji wa almasi akinunua muhogo kwa bei nafuu, mshahara wake umeongezeka ingawa hakuna aliyemwongezea.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, ratiba iandikwe ubaoni stesheni, na ifuatwe. Pili, kila abiria apewe tikiti yenye bei iliyochapwa, asidaiwe matabishi mlangoni. Tatu, hakuna chuma cha reli wala jengo la stesheni litakalouzwa gizani kama takataka. Ni mali ya taifa, na jasho la wazee wetu liko ndani yake. Nne, mapato na matumizi ya njia hii yatangazwe kila mwaka. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Lakini nasi tujiambie ukweli. Anayefungua bolti ya reli usiku akaiuze, anamwibia mama wa Biaro. Anayepanda bila tikiti huku fedha anayo, anampa mkubwa sababu ya kusimamisha gari. Anayejenga kibanda juu ya reli, amefunga njia ya mtoto wake mwenyewe. Uhuru si ruhusa ya kubomoa tulichonyang'anywa zamani na kurudishiwa.

Ndugu, reli hii ilijengwa ili mali ipite na mtu abaki. Sisi tunataka mtu apite pamoja na mali yake, na arudi nyumbani jioni. Zungumzeni jambo hili kazini, sokoni, na ndani ya mtumbwi mnapovuka. Wa Lubunga asidhani ni shida ya Lubunga peke yake, maana chungu cha Makiso hupikwa kwa makala ya ng'ambo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukiuliza wote kwa sauti moja stesheni hii ni ya nani, jibu litakuwa moja tu: ni yetu.